Mwalimu na Mji Wake wa Jumatano na Jumamosi

Mwalimu wetu bado yu hai, na sitaki kungoja afe ndipo nimwandike. Mtu akishakufa kila mdomo humsifu, hata ule uliomtukana jana yake, na mimi sina nia ya kuingia katika kundi hilo. Nimemchukia tangu nina miaka kumi na minane, na leo nina mjukuu. Anayetaka sifa zake asihangaike, wanafunzi wake wamejaa katika maofisi ya mji huu na watampa sifa mpaka achoke. Mimi nitazisema zile ninazozijua, maana anazo, kisha nitasema alilonifanyia na nililomfanyia.

Hatukuwa na jina jengine la kumwita. Majirani walimwita Mwalimu, muuza mboga wa Kihindi alimwita Mwalimu, na mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisimama chini ya ngazi na kuuliza, "Mwalimu, chai ipo?" kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka nje. Nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka kwetu, hapa Hamriya, kando ya mji wa Maskati, juu ya duka la fundi cherehani. Asubuhi alisomesha Kiingereza katika skuli ya wasichana, na baada ya alasiri alitusomesha sisi watoto wa mtaani sebuleni kwake, bila ya kuombwa na mtu. Alikuwa mrefu, mkavu, saa yake ameivaa upande wa ndani wa mkono, na alikuwa akikutazama viatu kwanza ndipo uso.

Lakini walimu warefu na wakavu walikuwa wengi. Kilichomtenga yeye na wenziwe kilikuwa Kule. Katika ujana wake alipelekwa Uingereza mwaka mmoja kusomea ualimu, katika mji mdogo wa kale wenye soko, mto na kanisa. London alipita tu kubadilisha treni, na akiitaja alikuwa akikunja pua kama anayetaja choo cha njiani. Mji wake hakuutaja kwa jina hata siku moja mbele yetu. Alisema "Kule", na sisi sote Hamriya tukajifunza kusema "Kule", mpaka watoto wadogo wasioijua Uingereza iko upande gani wa dunia walijua kwamba Kule watu hupanga foleni na mayai huuzwa na yule yule aliyeyaokota bandani.

Kule soko lilikuwa Jumatano na Jumamosi, tangu zama za wafalme wao wa kale. Kwa hiyo Mwalimu naye alikwenda madukani Jumatano na Jumamosi. Maduka yalikuwa hatua chache kutoka mlangoni mwake, wazi kila siku ya Mungu, lakini Mwalimu alishuka ngazi siku zile mbili tu, kikapu cha ukindu mkononi, akapita kwa muuza mboga, kwa muuza samaki, kwa muuza vikombe, akisalimia kila mmoja kana kwamba wametoka vijijini alfajiri kwa ajili yake. Siku moja nilimsikia mumewe akimbembeleza.

"Mwalimu, mayai yamekwisha tangu jana, na duka liko mlangoni kwetu."

"Leo Jumatatu," alisema Mwalimu.

"Nnajua leo Jumatatu. Nnataka yai."

"Soko lina siku yake. Likiwa wazi kila siku hilo si soko, hilo ghala."

Maskini ya Mungu alikula mkate mtupu mpaka Jumatano. Na miaka mingi baadaye, serikali ilipohamisha mapumziko ya wiki kutoka Alkhamisi na Ijumaa yakawa Ijumaa na Jumamosi, sisi wengine tulilalamika kwamba mipango yetu imeharibika. Mwalimu alifurahi peke yake. Alisema hatimaye Jumamosi imewekwa mahali pake.

Alikuwa na viroja vyake vyengine. Alipanda mawaridi katika madebe kwenye roshani, kwa sababu Kule kila dirisha lina maua, na kila mwaka joto la mwezi wa tano likayakausha, na kila mwaka akapanda tena, huku akimlaumu mumewe kwamba hakumwagilia. Alitufundisha kula kwa kisu na uma, lakini yeye mwenyewe akila wali alitumia mkono na akamaliza mpaka chembe ya mwisho. Alikuwa hataki kusikia neno baya juu ya Waingereza, na wakati huo huo hakuwaogopa hata kidogo. Aliwahi kuja mkaguzi mmoja mwanamke wa Kiingereza pale skuli akamsahihisha matamshi mbele ya darasa. Mwalimu akamwuliza anatoka mji gani. Yule akasema anatoka London. Mwalimu akatabasamu, akamjibu kwamba yeye amejifunza Kiingereza mahali kinaposemwa, kisha akaendelea na somo.

Wakati mmoja alitupeleka Qantab, kijiji cha wavuvi ufukweni, wasichana darasa zima ndani ya basi dogo. Tulidhani tutavua viatu tucheze na maji. Mwalimu alitandika kitambaa cheupe juu ya mchanga, akatoa birika na vikombe vyenye visahani, akatukabidhi kila mmoja kipande cha mkate kilichotiwa tango. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu waliacha kazi wakatutazama. Mmoja akauliza kwa Kiarabu kama kuna mgonjwa, maana wasichana wote wamekaa kimya na kula tango. Mwalimu alitazama bahari na majabali kwa muda mrefu, akakiri kwamba ni pazuri. "Lakini hapana majani," alisema. "Kule majani yanafika mpaka kwenye maji."

Na nisimdhulumu: mama yangu alipojifungua mdogo wangu na akaugua, Mwalimu ndiye aliyetupikia arubaini nzima. Alipanda ngazi zetu na sufuria ya mtori, akanikagua kucha, akaniuliza maneno magumu ya Kiingereza huku akimnywesha mama uji kwa kijiko. Mimi ndiye niliyekuwa kipenzi chake. Ndiyo maana simsamehei. Angekuwa mwanamke mbaya ningemsahau zamani.

Alichonifanyia alikianza kwa wema. Alichora Kule ubaoni kwa chaki, mtaa kwa mtaa, akatutembeza. "Umeshuka kituo cha treni. Unapinda wapi?" Wenzangu walipiga miayo. Mimi nikajibu: kushoto, unapita nyumba za wazee zilizojengwa na mfanyabiashara wa sufu, unavuka daraja la mawe, kisha unapanda mpaka uwanja wa soko. Nikajua jumba la mji limesimama juu ya nguzo, na chini yake, pasipofika mvua, ndipo wanapokaa wanawake wa siagi na mayai. Nikajua nyumba nyeusi na nyeupe zilizoinama, zile ambazo mtu akifungua dirisha la juu anaweza kumpa jirani wa ng'ambo chumvi. Nikajua Ijumaa jioni watu hufanya mazoezi ya kupiga kengele za kanisa, na mbwa wa mji mzima hulia. Nilikuwa sijapita Sohar, mji wa saa chache tu kutoka kwetu, lakini Kule ningeweza kutembea nimefumba macho.

Nilipomaliza skuli jina langu lilitoka katika waliopata nafasi ya kusoma Uingereza. Na chuo chenyewe kilikuwa Kule. Si karibu na Kule, Kule kwenyewe, uwanja wa soko ule ule. Mama alipiga vigelegele mpaka fundi cherehani akapanda kuuliza nani anaolewa. Baba yangu hakuwa mtu mkali, na nguo zangu za baridi alikuwa ameshaanza kuziulizia bei. Akasema tu, "Tumwite Mwalimu, tumuulize."

Mtu asiye wa kwetu hatalielewa neno hilo. Kwetu sisi familia za Unguja tuliorudi huku kwa mababu zetu, pakiwa na jambo la mbali, iwe safari, hospitali au posa ya watu tusiowajua, haliamuliwi mpaka aulizwe aliyefika. Anaitwa, anakirimiwa, anaulizwa mbele ya wote, na akishajibu, khalas. Haulizwi mtu wa pili, kwa sababu kumuuliza wa pili ni kumwambia wa kwanza muongo. Mtaa mzima ulikuwa na mtu mmoja tu aliyefika Kule.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia na sinia ya kahawa, nikicheka peke yangu.

"Mwalimu," alisema baba, "wewe ndiye uliyefika. Mtoto tumpeleke?"

Mwalimu alikitikisa kikombe chake kuonyesha kwamba kahawa imemtosha. "Usimpeleke," alisema.

Baba akadhani ni mzaha. "Si wewe mwenyewe unapasifu asubuhi na jioni?"

"Nnapasifu kwa hadithi. Kuishi ni jambo jengine. Wakati wa baridi saa kumi jua limeshatua. Sokoni wananadi nguruwe wazima wazima. Walevi wanatoka vilabuni wanaimba njia nzima. Mimi nilikuwa na moyo wa jiwe. Huyu wako laini, atakuja kupotea."

"Mwalimu, fikiri vizuri."

"Nnakwambia hapamfai."

"Basi," alisema baba. Na ikawa basi.

Nilimfuata mpaka ngazini. Nilimuuliza kwa nini, na sauti yangu ilikuwa imekwisha kwa kilio. Alinitengeneza mtandio kichwani, akasema, "Utanishukuru, binti." Kesho yake ilikuwa Jumatano. Nilimwona dirishani akishuka na kikapu chake, akisalimia watu.

Nafasi yangu akapewa msichana mwengine. Mimi niliajiriwa wizarani, Maskati, katika jengo lenye madirisha yasiyofunguka, nikafasiri barua za watu zaidi ya miaka ishirini. Kila asubuhi nilipita njia ya pwani kwa gari, kila mchana nikarudi kwa njia ile ile. Niliolewa na mtu mwema, nikazaa, sikulala na njaa. Sisemi niliishi vibaya. Nasema maisha yale hakuna aliyeniuliza kama ninayataka, na aliyenichagulia alikuwa amekaa nyumba ya tatu, anamwagilia mawaridi.

Watu wamenieleza sababu nyingi. Mama alisema Mwalimu alinionea huruma. Mume wangu husema labda lilimpata jambo baya Kule ambalo hakutaka linipate. Wanamdhania mema kwa sababu haikuwa safari yao. Mimi nilimjua vizuri kuliko wao. Hamriya nzima ilikuwa na mtu mmoja wa kuulizwa, na mimi ningerudi tungekuwa wawili. Hilo hakuweza kulivumilia, na mpaka leo sijasikia sababu nyengine inayoniingia akilini.

Binti yangu alisomea ufamasia, akapata kazi Uingereza, safari ya saa moja ya treni kutoka mji ule. Mimi sikumuuliza aliyefika, nilimpeleka mwenyewe uwanja wa ndege. Majira ya joto ya kwanza nilipomtembelea, nilimwambia anipeleke Kule. Nilikuwa na shabaha yangu. Nilitaka nikute mji mchafu, wa kawaida, wenye maduka ya simu na njiwa, nirudi Hamriya niwaambie watu kwamba Mwalimu amewadanganya miaka yote.

Nilishuka kituoni nikapinda kushoto bila ya kuuliza mtu. Nyumba za wazee zilikuwapo. Daraja la mawe lilikuwapo, na chini yake bata maji weupe, wale wenye shingo ndefu, wakiogelea kwa maringo kama maharusi. Nilipanda mpaka uwanja wa soko, na ilikuwa Jumamosi. Vibanda vya turubai lenye milia, jibini kubwa kama matairi, miche ya maua, samaki juu ya barafu, vikombe vya kale vilivyopoteza visahani vyao. Chini ya jumba la mji, kwenye kivuli, mwanamke mnene aliyevaa aproni aliniita mpenzi na akanichagulia mayai moja moja, akiyainua kwenye mwanga. Mvua ilinyesha kidogo, watu wakafungua miavuli, na hakuna aliyekimbia. Tuliingia duka la vitabu lenye sakafu iliyoinama mpaka kalamu ikianguka inakwenda yenyewe ukutani. Tulikunywa chai na vimkate vya siagi na jemu karibu na dirisha, na nje walipita watu wanasalimiana kwa majina. Jioni tukatembea kando ya mto, na majani yalifika mpaka kwenye maji.

Binti yangu alidhani nalia kwa furaha. Nililia kwa hasira. Kila kitu kilikuwa kweli, na uzuri wake ulizidi chaki. Kumbe alijua vyema alichoninyima. Ningemkuta muongo ningemdharau nikapumzika, lakini mji ule ulikuwa wangu kwa haki, na mimi niliingia ndani yake na magoti yanayouma, mgeni wa siku chache.

Tangu hapo nakwenda kila mwaka, nakodi chumba wiki kadhaa. Yule mwanamke wa mayai ananijua. Na nikirudi Hamriya, mimi ndiye ninayeulizwa siku hizi, kwa sababu Mwalimu alifika zamani na mimi nimefika juzi. Mwaka wa kwanza nilimletea kila jirani chupa ya jemu ya sokoni, mlango kwa mlango, nikaruka wa Mwalimu. Kesho yake alimtuma mtumishi na sahani ya vitumbua vya moto. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, utatia hata limau. Niliiosha, nikaipangusa, nikairudisha tupu. Alielewa. Tangu siku hiyo akipita kwangu alikuwa akitoa salamu, nami nikaitika kama sheria inavyotaka, na hapana zaidi.

Mwezi uliopita mwanawe alinipigia simu. Ni mhandisi, mtu wa adabu, ananiita khala kama watoto wote wa mtaani wanavyowaita mama zao wadogo. Akaniomba nifike, mama yake ananihitaji. Nilikuwa na wiki mbili tu tangu kurudi kutoka Kule. Nilivaa vizuri, nikaenda.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, amepungua, jicho moja limeingia ukungu. Mkwewe akaniletea halwa na kahawa. Mwanawe akasubiri ninywe, kisha akaanza.

"Khala, mama hana jengine mdomoni. Anataka akauone mji wake mara moja kabla hajaondoka duniani. Daktari kakubali, viza ipo. Lakini mie na mke wangu hatupajui. Wewe ndiye unayefika kila mwaka. Tunakuuliza wewe: patamfaa?"

Kabla sijafungua mdomo, Mwalimu alisema, "Usimuulize huyo."

"Mama!"

"Muulize mwengine."

"Mama, huyu mgeni wako," alisema mwanawe, uso umemwiva kwa haya. "Khala, msamehe, uzee. Sema, tunakusikiliza."

Nilijua kila kitu alichohitaji kukijua. Hoteli ya uwanja wa soko imetiwa lifti. Njia ya mtoni imesakafiwa na viti vya magurudumu vinapita kwa raha. Nyuma ya kituo, juu ya duka la mazulia, kuna chumba wanaposali Waislamu, na Ijumaa hugawana biriani. Mwezi wa tano Mwalimu angekaa uwanjani na blanketi magotini, Jumatano na Jumamosi, na angekufa ameridhika. Nilimtazama. Naye alinitazama kwa jicho lake zima, na hakuomba.

"Hapamfai," nilisema. "Barabara ni za mawe, kiti kitapinduka. Baridi itamuingia kifuani. Na kila aliyemjua kashakufa. Atatoka hapa mzima akaangalie makaburi."

Mwanawe alivuta pumzi. "Si wewe khala unapapenda?"

"Nnapapenda mimi. Yeye hapamfai."

"Basi," alisema. "Tumesikia, mama. Ahsante, khala, umetuokoa." Akaanza kuniuliza habari za binti yangu, nami nikamweleza, na nilikula halwa ya watu nikaisikia tamu. Nasema wazi: nilifurahi. Miaka ile yote nilidhani siku hiyo ikija nitajuta, na sikujuta.

Nilipoaga, Mwalimu akamwambia mkwewe amsukume mpaka mlangoni, kama mwenye nyumba anavyomsindikiza mgeni. Akamwambia atuache. Nilingoja anilaani, au alie, au aniombe radhi, na yote matatu nilikuwa nimeyatayarishia jibu. Alinishika ncha ya buibui.

"Nyuma ya maktaba," alisema polepole, "kulikuwa na mtufaha umeegemea ukuta. Nilikuwa nakaa pale na daftari zangu. Sijapata kumwambia mtu. Upo bado? Unazaa?"

Maktaba ile naijua. Mti upo, mzee, umefungwa kamba usianguke, na nilipokuwa Kule safari hii ulikuwa umezaa sana, matufaha yameanguka mpaka njiani, watu wanaokota wakipita. Mfukoni mwa koti langu, lililotundikwa nyumbani, lilikuwamo tufaha moja la mti huo.

Nikainama, nikavaa viatu vyangu, nikaenda zangu.